Usimwage maji yote ya gapi

Wafugaji wengi wa gapi, wale samaki wadogo wapole wanaozaa badala ya kutaga, huamini usafi ni kumwaga maji yote kila wiki na kusugua tangi mpaka ling'ae. Sivyo. Samaki hutoa amonia, sumu kwao wenyewe. Ziwani hapa Mwanza hutawanyika. Kwenye tangi la lita 40 haina pa kwenda. Bakteria walioshika kwenye changarawe na sponji ya chujio ndio huipunguza makali, na klorini ya maji ya bomba huwaua. Ndipo unakuta gapi wanahema juu ya maji, mapezi wameyakunja.

Badilisha robo tu kwa wiki. Maji ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo wazi. Sponji ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Ikibaki ya kahawia, haina neno.