Karatasi Mbili za Perth Amboy

Asubuhi ya tarehe 31 Machi 1870, Thomas Mundy Peterson alikuwa bandani akihudumia farasi wa tajiri wake, katika mji wa Perth Amboy, jimbo la New Jersey. Mji ulikuwa na uchaguzi siku hiyo, lakini yeye hakuwa na wazo la kwenda. Tajiri wake, Bwana Kearny, ndiye aliyemfuata bandani akamshauri aende kutumia haki ya raia. Peterson mwenyewe aliyasimulia hayo baadaye.

Siku moja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza rasmi kwamba Marekebisho ya 15 ya Katiba, yanayokataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake, yameridhiwa na majimbo ya kutosha. Peterson alikuwa na miaka 45, na mama yake aliwahi kuwa mtumwa. Anakumbukwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupiga kura chini ya marekebisho hayo.

Nafundisha historia ya haki ya kupiga kura, na nikifika hapa huwa siharakishi. Peterson alipokaribia kituo, mtu mmoja alimpa karatasi ya kura ya kutaka hati ya mji, yaani sheria ya msingi ya kuuendesha mji, irekebishwe, na mwingine akampa ya kutaka hati hiyo iondolewe. Enzi hizo serikali haikuwa ikichapisha karatasi za kura. Kila upande ulichapisha zake, na watu wake wakasimama kituoni kuzigawa. Kwa hiyo ulichagua mbele ya macho ya watu. Kura ya siri ilianza kuenea Marekani kuanzia mwaka 1888. Mtu ambaye haki yake ilikuwa na umri wa siku moja alichagua upande hadharani, huku majirani na matajiri wa mji wakimtazama.

Alichukua karatasi ya kurekebisha. Alieleza kwamba hakutaka kuiacha hati “yetu” baada ya kukaa nayo muda wote huo. Neno hilo “yetu” hunigusa kila nikilisoma. Mji haukuwahi kumuuliza chochote, lakini hati ya mji aliihesabu kuwa yake.

Upande wake ulishinda kwa kura 230 dhidi ya 63. Kisha akateuliwa katika kamati ya watu saba iliyopewa kazi ya kuirekebisha hati hiyo. Kwangu mimi, kamati hiyo ina uzito kuliko ile sifa ya kuwa wa kwanza, maana hapo alikaa mezani na wenzake, akaandika sheria za mji alioutumikia kwa mikono yake.

Hata sifa yenyewe ya “wa kwanza” inahitaji uangalifu. Katiba ya New Jersey ya mwaka 1776 iliwaruhusu wakazi wote wazima wenye mali ya pauni 50 kupiga kura. Weusi walio huru walipiga kura, na wanawake wenye mali pia. Mwaka 1807 bunge la jimbo likawabakizia haki hiyo wanaume weupe peke yao, na katiba ya 1844 ikakazia hapo hapo. Haki aliyoitumia Peterson, basi, ilikuwa imekwisha kuwapo na ikapokonywa kabla hajazaliwa. Wala bunge la jimbo lake halikumsaidia kuipata, kwa sababu liliyakataa Marekebisho ya 15 mnamo Februari 1870, likaja kuyaridhia mwaka 1871, mambo yakiwa yameshakwisha.

Maneno ya marekebisho hayo ndiyo yaliyoacha mwanya. Hayasemi kwamba kila raia atapiga kura. Yanasema raia asinyimwe kura kwa sababu ya asili yake, rangi yake au kuwahi kuwa mtumwa. Majimbo ya Kusini yakatafuta sababu nyingine. Mississippi ilianza mwaka 1890 kwa kodi ya kichwa, usilipe usipige kura, na kwa mtihani wa kusoma au kueleza katiba, msahihishaji akiwa karani mweupe. Louisiana ikaongeza mwaka 1898 kifungu cha babu: aliyekuwa na baba au babu mwenye haki ya kura kabla ya 1867 alisamehewa masharti ya elimu na mali. Babu wa Mweusi angeitoa wapi haki hiyo? Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi 130,334 kwenye daftari. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Peterson alifariki Februari ya mwaka huo huo, 1904, akazikwa kwenye kanisa la Mtakatifu Petro huko Perth Amboy. Weusi wa Kusini ilibidi wangoje Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965.

Watu wa mji wake walikuwa wamemchangia medali ya dhahabu yenye sura ya Rais Abraham Lincoln, wakamkabidhi tarehe 30 Mei 1884. Leo medali hiyo iko New Orleans, katika Chuo Kikuu cha Xavier, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi, ndani ya Louisiana ile ile. Na huko Perth Amboy, shule ambayo Peterson aliitunza kama mhudumu wa majengo ilipewa jina lake mwaka 1989.