Kulanti si ya nchi za baridi peke yake

Hii story ya eti kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya redieta ya kupoza injini, ni ya kuzuia maji yagande huko Ulaya, na sisi wa Kisumu na joto letu tuweke tu maji ya mfereji, imeua redieta nyingi sana aki. Kweli inazuia kuganda, lakini kazi yenye inakuhusu wewe ni mbili: inazuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Maji matupu yanakula chuma na alumini ndani ya injini pole pole, na kama ni ya borehole kama yale ya Nakuru yenye madini mengi ndio mbaya zaidi, yanaacha ukoko kwa zile taibu (mirija) nyembamba za redieta mpaka zinaziba, halafu siku unapanda ule mwinuko wa Timboroa na mzigo, mshale wa temperecha unaenda juu unaanza kulaumu fundi. Na kule juu maji yanachemka hata kabla ya digrii 95, ni presha ya kifuniko cha redieta tu inakuokoa, so kifuniko kikichoka badilisha, ni pesa kidogo.

Mimi nilibadilisha redieta bila kuflashi injini, yaani kuosha uchafu kwa njia zake za maji. Uchafu wote wa zamani ukaingia kwa ile mpya, miezi michache nikarudi garage na aibu yangu.

Changanya nusu kulanti nusu maji ya distilled, yale ya betri (si asidi jamani!), na usichanganye aina mbili za kulanti ukiangalia rangi pekee. Ukikwama njiani weka maji tu ufike, injini ikishapoa.