Ati dini na sayansi ni maadui tangu zamani? Hapana jamani

Juzi hapa Nakuru nilikuwa nachambua minji kavu za mbegu na mpwa wangu wa kidato cha pili, akaniambia baiolojia anaiacha mwaka ujao, ati kuna mtu alimwambia mambo ya jenetiki, ile sayansi ya vile sifa hurithiwa, humtoa mtu kwa imani. Niliskia uchungu kweli. Nikatoa mbegu mbili kwa ungo, moja laini ya duara, ingine imejikunja kama uso wa mzee, nikamwambia hiyo jenetiki unaogopa ilianzia kwa mbegu kama hizi na aliyezipanda alikuwa mtawa.

Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Kiagustino huko Brno, akalima kwa bustani ya monasteri, akakutanisha minji za duara na za kujikunja. Kizazi cha kwanza zote zikatoka duara, cha pili akahesabu moja moja, 5,474 duara na 1,850 zimejikunja, yaani karibu tatu kwa moja. Alichapisha hayo 1866, na 1868 watawa wenzake wakamchagua kuwa abate, yaani mkuu wa monasteri. Sasa hapo imani ilipotelea wapi?

Lakini hata wale wa upande mwingine, wa kupinga dini, wanakosea. Utaskia mtu akisema kanisa lilimchoma Galileo. Hakuchomwa. Mwaka wa 1633 alishtakiwa Roma, akalazimishwa kukana kwamba dunia huzunguka jua, akafungiwa nyumbani mpaka akafa 1642. Hiyo ilikuwa dhuluma na mimi siitetei hata kidogo. Ila Galileo alikufa akiwa Mkatoliki, na akiwa kwa hicho kifungo aliandika kitabu cha mwendo wa vitu kikachapishwa Leiden 1638. Na Copernicus mwenye wazo lenyewe alikuwa kanoni, yaani afisa wa kanisa kuu, kitabu chake cha 1543 alimwandikia Papa Paulo wa Tatu kama heshima, kanisa likaja kukizuia 1616, miaka 73 baadaye.

Ile ingine ni ati zamani makasisi walifundisha dunia ni bapa hadi wakati wa baharia Columbus. Aki hapana. Enda Dunga pale Kisumu asubuhi uangalie mashua ikirudi, unaona tanga kwanza halafu mwili wake unapanda polepole, na wasomi wa Ulaya walijua dunia ni duara karne nyingi kabla ya Columbus, vyuo vilifundisha hivyo. Ubishi na Columbus ulikuwa wa umbali wa kufika Asia, na yeye ndiye alikosea hesabu.

Na Waislamu tusiwasahau, neno aljebra limetoka kwa kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, naye Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra akafanya kazi Kairo, alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia kwa jicho, si ati jicho ndilo linatoa mwanga.

Hii stori ya vita visivyoisha ilienezwa sana na vitabu viwili vya Marekani, cha Draper 1874 na cha White 1896. Migongano ilikuwepo, ndio, lakini wao waliifanya ikawa historia yote.

Mpwa wangu alinyamaza, halafu akauliza, kama zile za kwanza zote zilikuwa duara, ya kujikunja ilikuwa imejificha wapi? Nikachukua biro nikamchorea, kila mmea unabeba jeni mbili za umbo la mbegu, moja ya kila mzazi, ya duara inafunika mwenzake, hizo mbegu za kujikunja zinatokea tu zikikutana jeni mbili za kujikunja.