Kujipeleka kwa wakala wa wanamitindo ukiwa Mtwara au Lindi: dhana potofu na ukweli wake

Kijana mwenye urefu na sura inayopendwa na kamera yupo Tandahimba na Nachingwea kama alivyo Dar es Salaam. Kinachowachelewesha wengi wa huku kusini si umbali. Ni maneno ya kijiweni wanayoyachukua kama sheria ya kazi, halafu wanatumia hela na muda kuyatimiza. Tuanze na lile linalokula hela nyingi zaidi.

"Bila albamu ya picha za studio, wakala hakuangalii."

Si kweli. Wakala anataka picha za kawaida kabisa, zile ambazo wenyewe bado huziita polaroidi ingawa siku hizi zinapigwa kwa simu. Sababu ni ya kibiashara: mteja atakuona ulivyo siku ya kazi, na wakala anataka kumwona mtu huyohuyo kabla ya kulitaja jina lake popote. Kope za kubandika, wigi na filta vinamnyima hicho. Ukituma za studio zilizolainishwa ngozi, jibu likija huwa ni moja: tuma za kawaida.

Unahitaji sita. Tatu za uso: mbele ukiwa umetulia, mbele ukitabasamu meno yaonekane, na upande. Tatu za mwili mzima: mbele, upande na nyuma. Osha uso, usipake poda wala kitu kinachong'aa, bana nywele zisizibe shingo na masikio. Vaa singlendi au fulana ya kubana ya rangi moja isiyo na maandishi, na suruali ya kubana, miguu peku. Wavulana vivyo hivyo. Picha za utupu hazimo katika maombi ya kwanza, na anayezidai kwa WhatsApp si wa kuendelea kuongea naye.

Mwanga ndio unaoharibu picha nyingi. Jua letu la saa sita linapiga utosini: macho yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Piga asubuhi, saa moja na nusu hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na nusu, ukiwa kivulini barazani, uso ukielekea kule mwanga unakotoka. Nyuma yako uwe ukuta mtupu, nawe usogee hatua moja mbele yake ili kivuli chako kisigande ukutani. Kuta za kale za Mikindani na ufukwe wa Shangani vinapendeza, lakini kwa picha hizi vinamwibia mtu: jicho linakwenda kwenye mandhari.

Mpigaji atumie kamera ya nyuma, asimame mita tatu hivi kutoka ulipo, simu ikiwa usawa wa kitovu chako. Akiipandisha na kuiinamisha, miguu inafupika. Kwa uso asimame mita moja na nusu na kuvuta zumu mara mbili. Simu ikisogea karibu sana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, ndiyo maana selfi haifai. Azime pia ile sehemu ya kulainisha ngozi, kwani simu nyingi zinauzwa ikiwa imewashwa tayari. Na kama wakala anapokea kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha, maana ikienda kama picha inabanwa na ubora unashuka.

"Ukijiongezea sentimita tatu, nani atajua?"

Atajua mtu wa kwanza kukupokea, kwa sababu atakupima. Nguo za maonyesho hushonwa kwa kipimo kimoja kabla hata mwanamitindo hajapatikana. Kwa jukwaa, mawakala wengi wa kimataifa hutafuta wasichana wa sentimita 172 hadi 180 na wavulana wa 183 hadi 190 hivi. Mwenye 163 hajafungiwa mlango: matangazo ya simu, sabuni, benki na vinywaji yanatafuta sura na tabasamu linaloaminika. Sema tu wazi kwamba unaomba kazi za matangazo.

Jipime asubuhi, kwa sababu hadi jioni mtu hupungua karibu sentimita moja. Simama peku, visigino na mabega vikigusa ukuta, mtu alaze kitabu kigumu kichwani na kuchora alama. Kwa mwili, futi ya fundi cherehani inatosha: kifua pale penye unene, kiuno pembamba juu ya kitovu, nyonga kwenye upana mkubwa wa makalio. Usivute tumbo ndani.

"Weupe unalipa."

Dhana hii inatuuma kuliko zote. Flaviana Matata alitwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa na ngozi yake nyeusi na kichwa kilichonyolewa, kisha akafanya kazi ya uanamitindo kimataifa. Mkorogo unakuharibia kazi yenyewe: vidole kwenye maungio hubaki vyeusi, uso unatoka mabaka, na taa za studio zinayaonyesha kuliko kioo cha nyumbani. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na zebaki inaumiza figo.

"Ada ya usajili ni kawaida, kila kazi ina mtaji."

Wakala wa kweli anakula pale unapokula. Kazi ikipatikana, anakata asilimia yake. 20 ni kiwango kinachotumika sana, ingawa hutofautiana. Kazi ya shilingi 300,000 ikikatwa asilimia 20, wakala anabaki na 60,000 na wewe 240,000, kabla ya kodi. Anayedai 50,000 ya fomu, kisha 150,000 ya "mpigapicha wetu", ameshapata faida yake hata usipofanya kazi siku moja. Kwa hiyo hana sababu ya kukutafutia. Wazazi wajihadhari hasa wakati malipo ya korosho yanapoingia, maana mwenye nia mbaya anajua mwezi ambao nyumba ina hela.

Tofautisha mambo mawili. Shule ya mafunzo ya kutembea jukwaani inaweza kutoza ada halali, lakini ada hiyo hainunui kazi. Na wakala anaweza kukulipia kwanza tiketi au malazi, kisha akate kwenye malipo yako. Hilo ni deni, na kila shilingi yake iandikwe.

Kabla ya kusaini, tafuta jina la kampuni hiyo kwenye orodha ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, uliza kama inatambuliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, au nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akusaidie kuuliza. Usajili peke yake hauthibitishi uaminifu, ila asiye nao kabisa ameshakujibu. Kisha watafute wanamitindo wanaotajwa kwenye ukurasa wake na uwaulize kama hulipwa.

"Lazima uende Dar ukagonge mlango."

Ni kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara mjini, na ukifika bila miadi unaweza usionwe na mtu. Maombi mengi yanapokelewa kwa barua pepe au fomu ya tovuti. Panda basi pale tu wakala mwenyewe ametangaza siku ya usaili na umethibitisha kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyokuja na tangazo la kusambazwa.

Ujumbe uwe mfupi, kwa mfano: "Habari. Naitwa fulani, nina miaka 19, naishi Masasi, Mtwara. Urefu sm 176, kifua 81, kiuno 62, nyonga 90, kiatu 40. Sijasaini na wakala mwingine. Naomba kazi za jukwaa na matangazo. Nimeambatisha picha sita." Usimulizi wa ndoto tangu utotoni haumsaidii anayesoma maombi mengi kwa siku. Mtumie kila wakala ujumbe wake. Orodha ya washindani wake ikionekana juu ya barua, anaifunga. Kimya cha wiki sita kihesabu kuwa hapana ya sasa. Baada ya miezi sita, au mwili na nywele vikibadilika, tuma tena na picha mpya.

"Mvaa hijabu hana nafasi."

Halima Aden, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya, alisaini na IMG Models, wakala mkubwa wa kimataifa, mwaka 2017 akiwa na hijabu yake. Mwaka 2020 alijiondoa, akieleza jinsi kazi ilivyomsogeza mbali na msimamo wake wa dini. Mambo yote mawili yana funzo la kazi: ieleze mipaka yako kwenye ujumbe wa kwanza, na uhakikishe imeandikwa ndani ya mkataba.

"Wakikupenda, saini haraka kabla hawajabadili mawazo."

Aliyekutaka leo atakutaka wiki ijayo. Angalia muda wa mkataba, eneo (Tanzania pekee au dunia nzima), asilimia, siku za kulipwa baada ya kazi, na namna ya kuuvunja. Wakala wa Dar akitaka kuwa wakala mama, yaani yeye ndiye akupeleke kwa mawakala wa nje, mkataba useme mgawo wake unatoka wapi ili usikatwe mara mbili. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria yetu, hivyo mzazi au mlezi ndiye anayeandika maombi, anayesaini na anayeandamana naye.

Kazi ya nje inataka mkataba ulioandikwa na viza inayoruhusu kazi, si ya utalii. Hati ya kusafiria inakaa kwako. Anayekuambia umpe "aitunze" anakuonyesha moja ya dalili za usafirishaji haramu wa binadamu, kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na mahali pa kumpeleka ni polisi au ofisi ya uhamiaji ya mkoa.