Judith Babirye: kutoka madhabahuni hadi bungeni

Wanakwaya ninaowafundisha hapa Jinja, wengi wao wakiwa wamekulia kambini ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, huniomba mara kwa mara tuimbe nyimbo za Judith Babirye, mwimbaji wa injili wa Uganda, ingawa ni za Kiganda na baadhi yao hawaielewi vizuri lugha hiyo. Nikiwa mwalimu wa sauti, ningependa kueleza kinachowavuta, na kwa nini kazi ya mama huyu haikuishia studio.

Babirye alizaliwa mwaka 1977 na alianza kuimba akiwa bado mtoto. Jina lake lilienea katikati ya miaka ya 2000 kwa wimbo "Beera Nange", ambao ni ombi la mtu anayemsihi Mungu akae naye. Nyimbo zake za kuabudu kwa kawaida huenda polepole na maneno yake si mengi, lakini wepesi huo ni wa kusikia tu, wala si wa kuimba. Kiganda hutofautisha irabu fupi na ndefu, na Babirye huivuta noti pale ambapo lugha yenyewe inavuta, kwa hiyo neno hubaki zima hata wimbo ukienda taratibu kiasi gani. Sisi wa Kiswahili tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huuhamishia kwenye Kiganda bila kujua. Matokeo yake ni kwamba tunarefusha pasipostahili, pumzi inatuishia kabla ya mstari kwisha, na ombi linasikika kama tangazo. Hapo ndipo muda wetu mwingi wa mazoezi unapokwenda, na kwa maoni yangu ndipo unapostahili kwenda.

Yeye pia ni mchungaji, na naamini jambo hilo limeijenga sauti yake kuliko studio yoyote. Anayeongoza ibada ya walokole hujifunza kusikiliza watu wanaitikia kwa nguvu gani, kisha akaamua kama kiitikio kirudiwe au watu waingie katika maombi.

Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge mwanamke wa Wilaya ya Buikwe, ng'ambo ya Nile kutoka kwetu, akatumikia hadi 2021. Kiti hicho hubeba wilaya nzima, na tangu uchaguzi wa 2006 kinapigiwa kura na wapiga kura wote badala ya wajumbe wachache, kwa hiyo mgombea hana budi kufahamika kuanzia Njeru hadi Lugazi. Nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kufika huko. Bobi Wine aliyeingia Bunge lilelile mwaka 2017, kwa uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki, naye alitanguliwa na muziki wake, ila wasikilizaji wake walikuwa hasa vijana wa mitaani, ilhali Babirye alifahamika kwanza makanisani, kwa watu waliokuwa wameimba naye kabla ya kumpigia kura.