Matone ya Maji Ndani ya Mafuta: Dhana Potofu na Ukweli

Nikiwaambia wanafunzi wangu wa baiolojia hapa Dodoma kwamba watafiti hufungia seli moja moja ndani ya matone ya maji yaliyozungukwa na mafuta, hawakosi wa kuuliza: "Mwalimu, si ni kutikisa tu?"

Basi tunatikisa. Chupa ya nusu lita, mafuta ya alizeti ya Singida, vijiko viwili vya maji yenye rangi ya chakula. Mafuta yanakuwa kama ukungu. Sogeza jicho karibu: kuna matone kama punje za ulezi, mengine kama vumbi. Yanashuka, yanagusana, yanaungana, na mwishowe maji yanatuama chini ya chupa.

"Tone ni tone, ukubwa si hoja."
Ukubwa ndio hoja yenyewe. Katika utafiti tone ni chombo, kama vile neli ya majaribio. Lenye kipenyo cha maikromita 100, karibu na unene wa unywele, hubeba takriban nusu nanolita (nanolita ni sehemu moja ya bilioni ya lita). Kipenyo kikizidi mara mbili, ujazo unazidi mara nane, na vilivyomo havilinganishiki tena na vya tone la jirani. Kwa sababu hiyo hutumika kipande cha mpira wa silikoni chenye vijifereji vyembamba. Maji yanapita katikati, mafuta yanayabana kutoka pembeni, shingo ya maji inakuwa nyembamba hadi inakatika, tena na tena, hata mara maelfu kwa sekunde moja. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani, walieleza namna ya kukata matone pale vijifereji vinapokutana kama herufi T.

"Sabuni yoyote itazuia matone yasiungane."
Tulijaribu ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo hupenda maji kuliko mafuta, kwa hiyo hutawanya mafuta ndani ya maji. Ndivyo inavyong'oa mafuta kwenye sufuria ya pilau. Sisi tunataka kinyume chake, na hapo inahitajika sabuni ya aina inayopenda mafuta kuliko maji. Maabara nyingi hutumia mafuta yenye florini na sabuni yake maalumu. Mafuta hayo ni mazito kuliko maji, kwa hiyo matone huelea juu badala ya kuzama kama kwenye chupa yetu.

"Seli itakosa hewa humo."
Mafuta yenye florini hupitisha oksijeni vizuri. Seli huishi humo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa.

"Kila tone lina seli moja."
Hii hata vitabu vyenye picha nzuri huipandikiza. Seli huingia kwa bahati. Ukichanganya kwa wastani wa seli moja kwa kila matone kumi, karibu asilimia 90 ya matone yatakuwa matupu, asilimia 9 yatakuwa na seli moja, na pungufu ya asilimia moja yatakuwa na mbili au zaidi. Utupu huo hufanywa kwa makusudi, maana tone lenye seli mbili huchanganya habari za seli mbili tofauti.

Matone matupu yana faida nyingine pia. Katika PCR ya kidijitali (PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) sampuli hugawanywa kuwa matone yapatayo 20,000, kila moja likiwa na karibu nanolita moja. Penye kinasaba kinachotafutwa tone hung'aa, pasipo hubaki giza. Kutokana na sehemu iliyobaki giza hukokotolewa idadi ya vinasaba, bila kuhitaji sampuli za kulinganishia. Ninaipenda sana hesabu hiyo: swali gumu la "kiasi gani" linajibiwa kwa "ndiyo" na "hapana" nyingi.

"Kutikisa hakufai kabisa."
Mwanafunzi wangu hakukosea sana. Ukiweka punje za jeli zenye ukubwa sawa ndani ya maji, kisha ukatikisa pamoja na mafuta, kila punje hujivika ngozi ya maji na kuwa tone, na matone yanalingana. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya kuchunguza seli moja moja kwa namna hiyo, bila vijifereji wakati wa kugawa seli. Punje zenyewe ndizo ngumu kupata: mara nyingi hutengenezwa kwa vijifereji vilevile.