Nani amebaki kijijini? Umri, uhamaji na mustakabali wa vyama Mtwara na Lindi

Kila uchaguzi ukikaribia, huku Kusini nasikia hesabu ileile ikipigwa na pande zote mbili. Wa upinzani husema vijana wanaongezeka na wazee wanapungua, kwa hiyo CCM imebakiza miaka michache. Wa CCM hujibu kwamba vijana wana kelele nyingi, lakini wanaopanga foleni kituoni ni wazee na akina mama. Kazi yangu ni takwimu za idadi ya watu, na naona hesabu zote mbili zinaruka swali la kwanza kabisa: huyo mpiga kura siku ya uchaguzi anaishi wapi, na jina lake liko kwenye daftari la kituo gani?

Nianze na sensa, kwa sababu ndiko ninakosimamia. Kati ya 2002 na 2012, Lindi ilikua kwa asilimia 0.9 kwa mwaka na Mtwara kwa asilimia 1.2, wakati taifa zima lilikua kwa asilimia 2.7. Tulikuwa mkiani. Sababu moja ni uzazi. Utafiti wa afya na demografia wa 2015–16 uliikuta kanda yetu ya kusini ikiwa na wastani wa watoto 3.8 kwa kila mwanamke, huku kanda ya magharibi ikiwa na 6.7. Sababu ya pili kila familia ya Newala, Tandahimba au Kilwa inaijua bila kuambiwa na mtakwimu: watu wetu wanaondoka. Wanakwenda Dar es Salaam, Mbagala hasa, na wengi wanaondoka katika umri uleule wanaoanza kupiga kura.

Matokeo yake yanaonekana kwenye sensa ya 2022. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947, wanawake 863,129 na wanaume 771,818. Wanawake wamezidi kwa zaidi ya 91,000. Watoto wa kike na wa kiume huzaliwa karibu sawa, kwa hiyo pengo hilo linafunguka baadaye, wanaume wanapoondoka kutafuta na wanawake wanapoishi miaka mingi zaidi. Kwa chama cha siasa hii ndiyo takwimu nzito kuliko zote za mkoa huu, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Mikutano ya hadhara inaandaliwa kwa ajili ya vijana wa bodaboda stendi. Lakini mtu wa kawaida kwenye daftari la kijijini ni mwanamke mtu mzima mwenye mikorosho ya ukoo, anayesubiri mnada wa AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha msingi, na ambaye katika jamii zetu za Kimakonde, Kimwera na Kiyao ana sauti kubwa nyumbani kwa sababu ukoo unafuata upande wa mama. Sijaona chama hata kimoja kilichojenga mkakati wake wa Kusini kikianzia kwake. Uwingi wa khanga zinazogawiwa wakati wa kampeni siuhesabu kuwa mkakati.

Lindi ina habari nyingine. Ilitoka watu 864,652 mwaka 2012 ikafika 1,194,028 mwaka 2022, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, sawa na wastani wa taifa. Mkoa uliokuwa ukikua kwa asilimia 0.9 hauwezi kufika hapo ndani ya miaka kumi kwa kazi ya wakunga peke yao. Watu wameingia. Wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Ihefu, Mbeya, kuanzia 2006 na mifugo yao, na ndugu zao waliowafuata, wako Kilwa, Liwale na Nachingwea. Ufuta umevuta wakulima kutoka nje. Hawa hawakulelewa kwenye siasa za pwani yetu. Hawana kumbukumbu ya CUF, chama cha upinzani, ya miaka ya tisini, na kero yao kubwa ni ardhi na maji ya mifugo kuliko bei ya korosho. Kijiji ambacho chama kilikiita ngome mwaka 2010 kinaweza kuwa na jina lilelile na wapiga kura wengine kabisa.

Sasa nije kwenye kosa ninalolikuta mara nyingi, la kudhani umri wenyewe una chama. Katika fani yangu tunatenganisha mambo matatu. La kwanza ni umri: mtu akishapata shamba, watoto na deni la pembejeo, vipaumbele vyake hubadilika. La pili ni rika, na mtu wa Kusini analielewa upesi, kwa sababu waliotoka jandoni pamoja huwa rika moja hadi uzeeni. Walichokiona pamoja ujanani hukaa nao. La tatu ni kipindi: jambo linalowapata wote, wakubwa kwa wadogo, kwa wakati mmoja.

Chukua gesi. Maandamano ya Mtwara ya kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba yalianza mwishoni mwa 2012, yakaendelea Januari na Mei 2013, na watu walikufa. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, 2025 alikuwa na 32. Huyo ataendelea kupiga kura kwa miaka mingine thelathini au arobaini, na bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam halitatoka akilini mwake. Lakini aliyepiga kura kwa mara ya kwanza 2025 alizaliwa karibu na 2007, mwaka ambao stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kupeleka zao ghalani likauzwa kwa mnada, ilianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara. Gesi kwake ni simulizi la mjomba. Kilichompata yeye moja kwa moja ni msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuzikusanya na kuzisafirisha, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Alikuwa shule ya msingi, na sare na madaftari ya mwaka uliofuata yalitegemea fedha hiyo. Vijana hawa wawili wanawekwa kwenye fungu moja la “vijana” na kila chama, ilhali kila mmoja ana madai yake.

Kwamba watu hawabadiliki kwa kasi ya matokeo, Kusini yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2015 upinzani ulipata majimbo saba katika mikoa hii miwili. CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. CHADEMA ikachukua Ndanda. Mwaka 2020 likabaki moja tu, Mtwara Vijijini, tena jimbo ambalo 2015 lilikuwa la CCM. Ndani ya miaka mitano, wapiga kura wanaoingia kwa kutimiza miaka 18 hawazidi mmoja kati ya watano. Hao peke yao ni vigumu kueleza kufutika kwa majimbo yote saba. Kilichobadilika ni mambo mengine. CUF iligawanyika kuanzia 2016 hadi kiongozi wake mkongwe, Maalim Seif, alipohamia chama cha ACT-Wazalendo Machi 2019. Wabunge wa Liwale na Ndanda walihamia CCM. Mazingira ya uchaguzi yalibana. Na kitaifa, waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2015 hadi takriban asilimia 51.

Afrika Kusini inafundisha jambo lilelile. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba waliozaliwa baada ya 1994, mwaka utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokoma, ndio watakaokiangusha chama tawala, ANC. Mwaka 2024 ANC ilishuka kutoka asilimia 57.5 hadi 40.18 na kupoteza wingi wake bungeni kwa mara ya kwanza. Lakini pigo kubwa lilitoka KwaZulu-Natal, ambako chama cha MK cha Jacob Zuma, mtu aliyewahi kuiongoza ANC yenyewe, kilizoa karibu asilimia 45 ya kura za jimbo. Vijana wengi wa miaka 18 na 19 hawakuwa hata wamejiandikisha. Kizazi kipya kilikuwepo kwenye sensa na hakikuwepo kituoni.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Mwaka 2015 nchi nzima ilikuwa na wapiga kura 23,161,440 walioandikishwa. Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza 37,655,559. Hilo ni ongezeko la asilimia 63 hivi, wakati idadi ya watu kati ya sensa mbili iliongezeka kwa asilimia 37. Daftari hukua kwa njia tatu: wapya wanaotimiza miaka 18, watu wazima waliochelewa kujiandikisha, na majina ya waliofariki yanayobaki bila kuondolewa. Anayechukua ongezeko hilo lote akaliita “wimbi la vijana” anachanganya njia tatu katika namba moja. Na matokeo ya Oktoba 29, 2025 hayawezi kumsaidia. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, mgombea wa CCM akatangazwa kwa asilimia 97.66, na yaliyotokea mitaani siku ile na zilizofuata yaligharimu maisha ya watu. Mimi kama mtakwimu siwezi kusoma matakwa ya rika lolote kwenye namba ya namna hiyo, na namshauri kila kiongozi wa chama, wa CCM akiwemo, asijaribu. Akiiamini ataingia 2030 bila kuwajua watu wake.

Kwa Mtwara na Lindi kuna jambo la msimu pia. Chaguzi zetu tatu za mwisho zimeangukia Oktoba 25, 28 na 29, korosho zikiwa zinaokotwa na minada ikianza. Wapo vijana wanaorudi kutoka mjini kusaidia shamba la mama, wakakaa hadi fedha ya mwisho iingie. Kwa hiyo siku ya kura kijana yuko Nanyamba, ila kadi yake ya mpiga kura ni ya Temeke. Au kinyume chake: alijiandikisha nyumbani akiwa na miaka 18, sasa anauza nguo Kariakoo, na hakuhamisha taarifa zake daftari lilipoboreshwa. Wote wawili wanahesabika kama wapiga kura, na hakuna anayepiga.

Wapiga kura wapya wa 2030 tayari tunawajua kwa idadi. Walizaliwa kati ya mwisho wa 2007 na 2012, na sensa ya 2022 iliwakuta wana miaka 9 hadi 14. Chama chochote kinaweza kuchukua majedwali ya sensa, kikaweka umri na jinsi kata kwa kata, kisha kikayalinganisha na orodha ya vituo. Kitaona ni wangapi wanatarajiwa. Kisichoonekana kwenye jedwali ni wangapi watakuwa wameshapanda basi la Dar kabla daftari halijafunguliwa tena, na hilo linataka katibu wa tawi apite nyumba kwa nyumba kuuliza, kuanzia sasa, akiwauliza kwanza mama zao.